Sura ya Sita: Taco Ina Saa Yake

Ukifika Jiji la Mexico saa nne usiku ukaulizia barbacoa nzuri, umechelewa kwa saa kumi hivi. Mwenye kibanda aliizika nyama ya kondoo shimoni jioni ya jana, akaifukua alfajiri, akaiuza asubuhi, na ilipofika saa saba mchana alikuwa anasuuza masufuria. Utakachopewa saa nne usiku kitaandikwa barbacoa kwenye karatasi ya bei, lakini kitakuwa nyama iliyopashwa moto. Na kama leo ni Jumanne, hata hiyo asubuhi usihangaike sana. Hiki ni chakula cha Jumamosi na Jumapili.

Vitabu vya watalii huliruka jambo hili. Hukupa majina ya vyakula, vikakupa na majina ya migahawa, kana kwamba kila kitu kinapatikana popote, wakati wowote. Wamexico hawali hivyo. Chakula kina mji wake, siku yake na saa yake, na mpishi aliyebobea aghalabu hupika kimoja au viwili, basi. Mgeni anayeuliza wapi kuna chakula kizuri cha Kimexico atapelekwa kwenye mgahawa wenye menyu ya picha na kofia pana ukutani. Anayeuliza hapa watu wanakula nini saa hizi ataoneshwa kona, mlango usio na kibao, au karai la mtu fulani chini ya mwavuli.

Barbacoa kwao ni jimbo la Hidalgo, kaskazini mwa jiji, na mji wa Actopan ndio unaotajwa kwanza. Shimo hujengewa mawe au matofali, kuni zikachomwa humo mpaka kuta zishike moto sawasawa. Chini huwekwa sufuria yenye dengu, mchele kidogo na mboga, juu yake wavu, na juu ya wavu vipande vya kondoo vilivyofunikwa kwa majani mapana ya maguey yaliyobabuliwa. Shimo hufunikwa, kila mwanya ukazibwa kwa udongo, na watu wakaenda kulala. Usiku kucha maji ya nyama hudondokea sufuriani, na supu hiyo ndiyo hutangulia mezani, ya moto sana, ikakamuliwa ndimu.

Maguey, kwa taarifa yako, ni ndugu wa mkonge. Na mkonge wa Tanga ulitoka Yucatán, kusini-mashariki mwa Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Afrika Mashariki mwaka 1893 kwa kupitia Florida. Kwetu uliishia kwenye kamba na magunia. Kule jamii hiyo ya mimea huingia jikoni, na kwenye pombe pia: asiyekunywa aulize kwanza kabla ya kujimiminia ile salsa nyeusi inayoletwa na barbacoa, kwa sababu ya jadi hutiwa pulque, pombe ya maji ya maguey.

Ukitaka kupima kama mahali panapika vizuri, usianze na nyama. Omba tortilla, yaani mkate bapa wa mahindi, ikunje bila kitu ndani, uionje. Mahindi yalitokana na nyasi iitwayo teosinte, na wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, ndio walioifuga nyasi hiyo miaka 9,000 hivi iliyopita mpaka ikawa gunzi. Wareno walipoyafikisha mahindi pwani yetu, yalikuja punje bila mapishi yake. Kule punje haziendi kinuni moja kwa moja. Huchemshwa katika maji yenye chokaa, zikaachwa humo zilale, na asubuhi ganda lake hutoka kwa kufikichwa tu na vidole. Baada ya kuoshwa, husagwa zikiwa mbichi, na kinachotoka ni donge, si unga. Mahindi yaliyopitia chokaa huitwa nixtamal.

Mpishi wa makande anayetia magadi ili yaive upesi ataielewa chokaa mara moja, maana magadi nayo hulainisha ganda. Ila chokaa ya Wamexico ina kazi ya pili isiyoonekana kwa macho. Ndani ya mahindi mna vitamini ya niasini iliyofungwa, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua, lakini chokaa huifungua. Kaskazini mwa Italia, na kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, maskini walioishi kwa mahindi bila chokaa na bila kitoweo cha maana waliugua pelagra: ngozi ikibanduka, tumbo likiharisha, akili ikivurugika, na wengi wakafa. Mexico, ambako maskini aliishi kwa mahindi yaleyale kwa maelfu ya miaka, ugonjwa huo haukuwa janga la namna hiyo. Ni chokaa.

Sasa tazama mwanamke aliyeketi mbele ya comal, kikaango bapa cha udongo au chuma. Anachota donge, analiviringisha viganjani, analibana kati ya karatasi mbili za plastiki, anaibandua duara ile na kuilaza kwenye moto kwa mkupuo mmoja wa kiganja ili isijikunje. Kingo zinapoanza kukauka anaigeuza. Anangoja zaidi kidogo upande wa pili, anageuza tena, na hapo ndipo tortilla inapovimba yote, mvuke umejaa katikati, kisha inanywea. Ikivimba, donge lilikuwa na maji ya kutosha na moto ulikuwa sawa. Isipovimba huwekwa kando, aile mwenyewe jikoni.

Miji mikubwa haina wengi wa aina hii, na tortilla nyingi zinazoliwa leo hutoka kwenye mashine. Hilo peke yake si kosa. Kila mtaa una duka la tortilla, mkanda wa chuma ukizimwaga moja moja, watu wamepanga foleni na vitambaa vyao kununua kwa kilo, na zikiwa za moto ni tamu. Tofauti iko kwenye mahindi. Wapo wanaosaga nixtamal yao wenyewe, na wapo wanaofungua mfuko wa unga mkavu wa kiwandani, biashara iliyoikuza kampuni ya Gruma, iliyoanzishwa 1949, kwa unga wake wa Maseca. Tortilla ya unga wa mfuko hukatika ukiikunja baada ya dakika chache, na haina harufu. Ya nixtamal hukunjika bila ufa hata ikipoa, na harufu yake unaikuta mlangoni kabla hujaingia. Mexico ina aina asilia karibu 60 za mahindi, meupe, ya njano, mekundu na ya buluu, na watu wake hawana mzaha nayo: mwaka 2025 waliandika kwenye katiba marufuku ya kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.

Turudi jijini, maana wengi huanzia huko. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwenye milango ya vituo vya treni ya chini ya ardhi, kuna wanawake na masufuria marefu ya mvuke. Ndani mna tamal: donge la nixtamal lililopigwa na mafuta, likatiwa kuku au pilipili na jibini, likafungwa kwa maganda ya gunzi. Mkazi wa jiji huichukua tamal nzima akaipachika ndani ya boflo. Wanga juu ya wanga, na wataalamu wa lishe waangalie pembeni. Mchanganyiko huu huitwa guajolota, na huteremshwa kwa atole, yaani uji wa mahindi, wenye chokoleti au vanila. Fundi ujenzi aliyeila saa moja hasumbuliwi na njaa mpaka saa nane. Jioni tamal hurudi kwa baiskeli za magurudumu matatu, spika ikirudia sauti ileile ya mwanamume iliyorekodiwa, ikitangaza tamal za Oaxaca mtaa baada ya mtaa.

Kabla ya adhuhuri ni zamu ya taco za kapu. Huja kwa baiskeli, kapu limetandikwa plastiki na vitambaa, ndani taco mamia zimepangwa zikiwa na viazi, maharage au nyama, zikamwagiwa mafuta ya moto, na zimejipika zenyewe kwa mvuke wake njiani. Wengi wa wanaozitengeneza ni watu wa San Vicente Xiloxochitla, kijiji cha jimbo la Tlaxcala. Ni taco laini, zenye mafuta, za bei ya chini kuliko zote, na mimi nazipenda kuliko nyingi zenye sifa kubwa.

Mlo mkuu wa siku ni kati ya saa nane na saa kumi mchana, na ndipo fonda zinapojaa. Fonda ni pa mama ntilie: meza chache, televisheni iko juu, na ubao mlangoni umeandikwa chakula cha leo kwa bei moja. Unapewa supu, kisha wali au tambi, kisha kitoweo, tortilla bila hesabu, na jagi la juisi. Ionje juisi hiyo. Siku ikiwa ya tamarindo, ni ukwaju. Ikiwa ya jamaica, ni rosella, ile ambayo Dodoma huitwa choya. Mimea yote miwili asili yake ni Afrika, na Wamexico wameizoea kiasi cha kudhani ni yao. Mgeni anayelalamika kwamba Mexico hakuna chakula cha kukaa chini na kushiba huwa hajaingia fonda saa nane unusu.

Usiku ndio wa taco zenyewe. Kwenye kona, moto wa gesi umesimama wima, na mbele yake unazunguka mnara wa nyama iliyopakwa pilipili nyekundu na achiote, kiungo cha mbegu nyekundu, kileleni limechomekwa nanasi. Ni al pastor. Mwonekano wake utakukumbusha shawarma, na undugu huo ni wa kweli: wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani waliufikisha upishi huo Puebla, ambako miaka ya 1930 watu walikula taco za Kiarabu katika mkate laini wa ngano. Wamexico wakabadilisha kondoo kwa nguruwe, viungo vya Sham kwa pilipili, mkate kwa tortilla. Taquero, yaani muuza taco, akiwa hodari hasogezi mwili. Kwa mkono wa kushoto ameshika tortilla chini ya nyama, kwa kulia anakata kwenda chini vipande vyembamba vilivyoungua pembeni, halafu anapeleka ncha ya kisu juu, anakwangua kipande cha nanasi, nacho kinaruka na kutua ndani ya taco. Vitunguu, kotmiri, ndimu. Taco hiyo huliwa kwa kuinama mbele, umesimama, na ikikufikia baridi jua kibanda hakina wateja.

Majina machache yenye kustahili. El Vilsito, mtaa wa Narvarte, mchana ni gereji ya magari na usiku ni kituo cha al pastor. Meza hukaa mahali yalipokuwa magari. Los Cocuyos, barabara ya Bolívar katikati ya mji, ni uchochoro wenye karai la mafuta linalochemka nyama za kifuani, ulimi, kichwa na utumbo wa ng'ombe. Chagua suadero, nyama laini ya ng'ombe, kisha ulimi. El Califa de León, mtaa wa San Rafael, ipo tangu 1968 katika chumba kisichotosha watu kumi, na mwaka 2024 ilipata nyota ya Michelin, kibanda cha kwanza cha taco nchini humo kuipata. Huuza taco za aina nne tu. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba hupata chumvi na ndimu juu ya bamba la moto, na tortilla hukandwa hapohapo. Sifa inazostahili ni hizo mbili, nyama na tortilla. Foleni ya siku hizi ni ndefu kupita thamani ya taco, na wakazi wengi wa mtaa wamehamia kwingine.

Puebla, mwendo wa saa mbili kwa basi, ni mji wa kwenda mwezi Agosti au Septemba. Hapo ndipo jozi mbichi hupatikana, na bila jozi mbichi hakuna chiles en nogada: pilipili kubwa aina ya poblano iliyojazwa nyama, pichi, pea na tufaha, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi na kunyunyiziwa punje nyekundu za komamanga. Kijani, nyeupe, nyekundu, rangi za bendera. Simulizi inasema watawa wa Puebla walimpikia Agustín de Iturbide mwaka 1821, mwaka wa uhuru. Iwe kweli au isiwe, ukiiona kwenye menyu mwezi Februari ipite.

Yucatán ni nchi nyingine kabisa, na hapa lazima tuzungumze kuhusu nguruwe. Chakula kikuu cha fahari, cochinita pibil, ni kitimoto: nyama iliyolowekwa kwa achiote na machungwa makali, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kuzikwa katika tanuri la ardhini usiku kucha. Huliwa Jumapili asubuhi, ndani ya mkate au tortilla, na vitunguu vyekundu vya siki na pilipili ya habanero ambayo mwenyeji atakuonya nayo kwa upole. Kwa anayekula nguruwe, ni moja ya sababu za kupanda ndege. Kwa Mwislamu shida ni kubwa kuliko cochinita, kwa sababu nguruwe asiyeonekana ndiye mwingi. Maharage ya kusonga hukaangwa kwa mafuta yake, tamal hupigwa kwa mafuta hayo, na karai la suadero la ng'ombe mara nyingi linachemsha soseji za nguruwe pembeni. Swali la kujifunza kabla ya salamu ni "¿lleva manteca?", yaani kina mafuta ya nguruwe?, na ukitikisiwa kichwa juu chini, shukuru uende mbele. Nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu ni adimu nje ya maduka machache ya jiji kuu.

Hata hivyo Yucatán haikufungii mlango. Papadzules ni tortilla zilizojazwa mayai ya kuchemsha, zikafunikwa mchuzi wa mbegu za maboga na wa nyanya juu yake, upishi wa Wamaya usiohitaji nyama hata kidogo. Samaki wa pwani wanachomwa kwa achiote ileile. Katika masoko mawili ya mji wa Mérida, Santiago na Lucas de Gálvez, utapata vyote hivyo na supu ya kuku na limau ya huko, sopa de lima, ambayo ningeila kila siku. Na Walebanoni walipita hapa pia, kwani kibe zao huuzwa mitaani na ufukweni, nje zimekauka, ndani ngano na nyama.

Veracruz ina sababu nyingine ya kumvuta Mwafrika. Ndiyo bandari iliyoshusha Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Mmoja wao, Yanga, aliongoza waliotoroka wakaishi milimani, wakapigana na jeshi la Wahispania mwaka 1609, na hatimaye wakaruhusiwa kuwa na mji wao huru. Mji huo upo, na leo unaitwa Yanga. Sensa ya 2020 ilihesabu Wamexico zaidi ya milioni mbili na nusu wanaojitambulisha kuwa na asili ya Afrika, wengine wao wakiwa upande wa pili wa nchi, pwani ya Costa Chica. Jikoni utawaona kwenye ndizi za kukaanga, kwenye mihogo, kwenye mchuzi wa utumbo uitwao mondongo. Chakula cha kuagiza Veracruz ni changu mzima aliyepikwa kwa nyanya, zeituni na pilipili za siki. Asubuhi yake, kaa Gran Café de la Parroquia, uagize lechero. Utaletewa bilauri yenye kahawa nzito kidogo chini. Igonge kwa kijiko, ting ting, na mhudumu wa maziwa atakuja na birika lake, aanze kumimina karibu na bilauri na kulipandisha birika mpaka mkono wake unyooke wote, bila tone kudondoka mezani.

Kwingineko nitapita haraka. Kaskazini ni ng'ombe, makaa na tortilla za ngano, na Monterrey mwanambuzi mzima wa kuchoma. Ensenada, juu kabisa kwenye Pasifiki, kula taco za samaki wa kukaanga na kabichi karibu na soko la samaki, mchana, wavuvi wakiwa wamesharudi. Guadalajara kuna birria ya mbuzi, na jimbo la Guerrero pozole, supu ya mahindi makubwa yaliyomenywa kwa chokaa, ile ya kijani ikiliwa Alhamisi kwa desturi. Nacho za jibini zilibuniwa mpakani, Piedras Negras, miaka ya 1940, kwa ajili ya wageni kutoka Marekani. Ile taco ngumu yenye umbo la mashua, umaarufu wake ni wa Marekani, uliopewa mbio na Taco Bell iliyofunguliwa California mwaka 1962. Hivi si vyakula vibaya, ila usivifuate Mexico.

Jinsi ya kuchagua kibanda usichokijua? Tazama nani anakula. Madereva wa teksi wana gari, wanaweza kwenda popote, na wako pale. Tazama mikono: anayeshika nyama asiwe anayeshika pesa. Tazama mabakuli ya salsa. Yakiwa na maji juu na utando pembeni yamekaa tangu jana. Menyu fupi ni dalili njema, na nafasi yenye watu wengi wanaokula haraka inamaanisha nyama haikai. Sahani ikivalishwa mfuko wa plastiki usishangae, huvuliwa na kutupwa badala ya kuoshwa kwa maji haba. Utaratibu ni kula kwanza, kuhesabu taco zako mwenyewe, kisha kulipa. Taquero atakuuliza ngapi na atakuamini. Anayeondoka huwatakia waliobaki "provecho", nao huitikia hata kama hawamjui. Salsa ya kijani si lazima iwe pole kuliko nyekundu, jambo ambalo kila mgeni hulijua kwa machozi.

Nimeiacha Oaxaca mwisho, kwa sababu nikibanwa nichague mahali pamoja nitachagua hapo. UNESCO iliuweka upishi wa jadi wa Mexico kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, na mfano uliowasilishwa ulikuwa Michoacán. Bila kuivunjia heshima Michoacán, sahani yangu naiweka Oaxaca. Katika soko la 20 de Noviembre kuna ujia mmoja mrefu uliojaa moshi mpaka macho yanawaka. Kulia na kushoto wamesimama wauza nyama na majiko yao ya makaa. Unanunua tasajo, nyama ya ng'ombe iliyotandazwa nyembamba na kukaushwa kidogo, inapimwa na kurushwa jikoni; vitunguu na pilipili unanunua kwa mwingine, tortilla kwa mwanamke anayepita na kapu, parachichi kwa mwingine. Unakaa kwenye benchi, vyote vinakusanyika mbele yako kwa dakika kumi. Ile nyama nyekundu iliyopakwa pilipili, iitwayo cecina, hapa ni nguruwe.

Mole, mchuzi mzito wa Oaxaca, watu husema ni saba. Nyeusi ndiyo mama yao. Pilipili kavu za chilhuacle hukaangwa hadi ukingoni mwa kuungua, mbegu zake na tortilla huchomwa mpaka ziwe makaa kabisa, kisha husagwa pamoja na ufuta, karanga, lozi, mdalasini, karafuu, zabibu kavu, ndizi, nyanya na chokoleti kidogo, viungo zaidi ya ishirini, na hupikwa kwa saa nyingi huku mkono haukomi kukoroga. Watu wanaoambiwa ni mchuzi wa chokoleti huonja wakitafuta utamu, wakakuta moshi na uchungu. Wape muda. Nyumbani hupikwa kwa harusi na misiba. Wewe utainunua sokoni ikiwa donge zito, ukienda ukalitie mchuzi wa kuku. Kando yake kuna sinia za panzi waliokaangwa kwa vitunguu saumu na ndimu. Msomaji wa Bukoba aliyezoea senene atatia mkono bila kuulizwa mara mbili. Tofauti ni kwamba panzi hawa ni wadogo, wakavu na wachachu.

Jumapili nenda Tlacolula, kilomita 30 hivi mashariki mwa Oaxaca, gulio la Wazapoteki. Ukifika, anza na barbacoa, ya mbuzi huku. Halafu tafuta mwanamke mwenye beseni la udongo amezamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Anapiga tejate, kinywaji cha mahindi, kakao na kokwa la mamey, mpaka povu jeupe lipande juu, na atakuchotea kwa kibuyu kilichopakwa rangi nyekundu. Hakina kilevi, ni baridi, na povu huliwa kabla ya maji. Teksi za pamoja na mabasi hutoka Oaxaca asubuhi yote. Toka mapema, usile hotelini, na beba noti ndogo ndogo, kwa sababu vibanda vingi havipokei kadi na hakuna atakayekuwa na chenji ya peso 500.